Kabla ya Kumwambia Mtu Apunguze Kula

Saa sita mchana mjini Gisenyi, foleni hujipanga mbele ya meza ndefu zenye masufuria yanayofuka mvuke. Rwanda nzima chakula hicho huitwa mélange. Mteja hulipa bei moja, hupewa sahani moja na hujipakulia mara moja tu: wali, viazi, ndizi, makaroni, ugali, maharage, isombe (kisamvu), kabichi. Nyama hubaki chini ya ulinzi wa mpakuaji, ambaye humwekea kila mtu kipande chake na mchuzi. Kwa kuwa hakuna kurudi mara ya pili, sahani hujengwa kwenda juu, na mwenye njaa na asiye na njaa huondoka na mlima unaolingana.

Tofauti huonekana wakishaketi. Yuko anayefika nusu, akasukuma sahani kando na kuendelea na mazungumzo, kwa kuwa tumbo limekwisha kumwambia basi. Yuko anayemaliza kila punje hata kama njaa ilikwisha zamani, kwa sababu chakula kingali mbele ya macho yake. Yuko aliyekuja na mawazo ya deni la biashara, na nusu saa baadaye hatakumbuka alikula nini. Na yuko ambaye hakuja kabisa. Huyo ameapa tangu asubuhi kujinyima. Usiku, watoto wakishalala, atasimama jikoni akila viazi vilivyobaki kutoka sufuriani mpaka tumbo limuume, kisha alale akijichukia.

Mtaani watu hawa wote hupewa hukumu moja: mnene ni mlafi, mwembamba ana nidhamu. Hukumu hiyo haina msingi, na inaumiza. Utafiti wa zaidi ya miaka 50 unaonyesha kwamba watu hula kwa tabia tofauti kabisa, kwamba sehemu kubwa ya tabia hizo mtu huzaliwa nayo au huipata utotoni, na kwamba ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumharibu mwingine. Mji kama Gisenyi, unaokua haraka kando ya Ziwa Kivu huku ukiwa bado na watoto waliodumaa, hauna nafasi ya kukosea katika jambo hili.

Takwimu zenyewe zinasumbua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika Wilaya ya Rubavu, ulipo mji wa Gisenyi, kiwango kilikuwa karibu asilimia 40, ingawa ardhi yake ya volkano hutoa viazi na mboga zinazolisha Kigali na Goma, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka. Utafiti huohuo ulikuta kwamba asilimia 26 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2010 walikuwa takribani asilimia 16. Kenya imekwenda mbali zaidi: kufikia 2022, asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 walikuwa katika kundi hilo. Rwanda iko nyuma kwenye njia ileile, na bado ina muda wa kuchagua namna ya kuipita.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia unene katika wilaya yenye udumavu ni anasa. Lakini udumavu na unene mara nyingi hukaa nyumba moja, hata mwili mmoja. Mtoto aliyenyimwa lishe tumboni na katika miaka yake miwili ya kwanza hukua na mwili uliojifunza kubana matumizi, na akija kupata chakula kingi chenye wanga na mafuta, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuhifadhi mafuta tumboni na kupata kisukari au shinikizo la damu.

Ushahidi wa hilo ulitoka Uholanzi. Kati ya mwishoni mwa 1944 na majira ya kuchipua ya 1945, vizuizi vya jeshi la Ujerumani vilileta njaa kali magharibi mwa nchi hiyo. Mwaka 1976 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za vijana wa kiume wapatao 300,000 waliopimwa walipofikisha miaka 19 kwa ajili ya jeshi. Wale ambao mama zao walikumbwa na njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene wa kupindukia zaidi kuliko wenzao. Njaa ya miezi michache ilikuwa imeacha alama ambayo miaka 19 ya kula vizuri haikuifuta.

Karibu katika kipindi hichohicho, mwaka 1943 na 1944, Rwanda ilikuwa katika Ruzagayura, njaa iliyosababishwa na ukame na kuzidishwa na matakwa ya utawala wa Kibelgiji wakati wa vita. Watu wengi sana walikufa, na wengine walivuka kwenda Kongo na Uganda kutafuta chakula. Waliokuwa tumboni wakati ule hawakupimwa na mtu walipofikisha miaka 19. Nchi yenye kumbukumbu ya njaa kama hiyo, ikifuatiwa na misukosuko ya baadaye iliyofikia kilele katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, haipaswi kumtazama mtu anayekula kwa pupa na kuona ulafi tu.

Elimu ya tabia za ulaji ilianza pale madaktari walipochoka kutoa ushauri usiofanya kazi. Albert Stunkard, daktari wa akili wa Marekani, alieleza mwaka 1955 kuhusu wagonjwa wake wanene waliokuwa hawali asubuhi lakini wakila sana usiku, na mwaka 1959 kuhusu wale waliokula kiasi kikubwa mno kwa muda mfupi bila kujimudu. Mwaka 1985 yeye na Samuel Messick walitoa dodoso linalotumika hadi leo, lenye kupima mambo matatu: mtu anajizuia kiasi gani kwa makusudi, kizuizi chake hulegea kwa urahisi gani, na huisikia njaa kwa nguvu gani. Mwaka uliofuata Tatjana van Strien na wenzake wa Uholanzi walitoa dodoso la pili, lililotenganisha kula kwa sababu ya hisia, kula kwa kuvutwa na kilicho mbele ya macho, na kujinyima. Mwaka 2001 Jane Wardle wa London alileta dodoso la watoto, linalojibiwa na mzazi: je, mtoto hushiba upesi? Hula haraka? Akiona chakula hukitaka hata kama ametoka kula?

Maswali hayo yanaonekana madogo, lakini majibu yake yalitikisa fikra nyingi. Timu ya Wardle ilifuatilia familia zaidi ya 2,400 za Uingereza zilizopata mapacha mwaka 2007. Kwa kulinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wasiofanana, iligundua kwamba tofauti za hamu ya chakula zinaonekana tangu miezi mitatu ya kwanza, mtoto akiwa bado anakunywa maziwa tu. Asilimia 72 ya tofauti za usikivu wa shibe, na asilimia 84 ya tofauti za mwendo wa kula, zilitokana na urithi. Mapacha waliozaliwa pamoja na kulelewa katika nyumba moja walipotofautiana kwa hamu, yule mwenye hamu kubwa alikuwa na karibu kilo moja zaidi ya mwenzake walipofika miezi 15. Mtoto wa miezi mitatu hana ulafi wala nidhamu. Ana ubongo unaosikia shibe mapema, au unaochelewa kuisikia.

Mifumo ya mwili inayohusika imeanza kujulikana. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman mjini New York iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili kwenda kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge walieleza kuhusu watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini inayofanya kazi. Walikuwa na njaa isiyoisha na miili mikubwa kupita kiasi, na mtoto aliyeanza kuchomwa sindano za homoni hiyo alianza kuacha chakula sahanini. Hali hiyo ni adimu sana. Ya kawaida zaidi ni jeni ya FTO, iliyotambuliwa mwaka 2007: mtu mzima aliyerithi aina yake fulani kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na wastani wa kilo tatu zaidi, na uchunguzi wa watoto uliofuata ulionyesha kwamba kazi yake mojawapo ni kupunguza usikivu wa shibe. Dawa mpya za sindano zinazouzwa kwa bei kubwa Ulaya na Marekani, kama Wegovy iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hupunguza uzito kwa kuiga homoni ya utumbo inayoleta shibe. Wanaozitumia husema mawazo ya chakula yaliyowasumbua siku nzima yametulia. Kama sindano inaweza kukifanya kile kilichoitwa udhaifu wa tabia kitulie, basi tatizo halikuwa tabia mbaya.

Waswahili husema shibe mwanamalevya, njaa mwanamalegeza. Methali inafikiri kwamba shibe humfikia kila mtu kwa namna moja. Kwa wengine inakuja mapema, kwa wengine inachelewa dakika nyingi, na dakika hizo ndizo zinazojenga uzito mwaka baada ya mwaka.

Urithi hata hivyo hauamui peke yake. Jeni za Wanyarwanda hazikubadilika kati ya 2010 na 2020; kilichobadilika ni kilicho mezani na barabarani. Mtu mwenye usikivu hafifu wa shibe aliyekulia milimani juu ya Gisenyi miaka 50 iliyopita, akila maharage na viazi vitamu na kupanda kilima kwenda shambani, huenda hakunenepa kamwe. Maharage, ambayo Wanyarwanda ni miongoni mwa walaji wake wakubwa duniani, yana nyuzinyuzi na protini, hutafunwa polepole na hukaa tumboni muda mrefu. Mpeleke mtu huyohuyo mjini, penye soda, chapati, mandazi, chipsi na bia, na udhaifu uliokuwa umelala unaamka. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za afya za Marekani waliwalaza watu 20 kituoni kwa wiki nne, wakawapa chakula cha viwandani kwa wiki mbili na chakula cha kawaida kwa wiki mbili, na kuwaacha wale watakavyo. Walipokuwa kwenye chakula cha viwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku, na walikula kwa kasi zaidi, bila wao kukiona kitamu kuliko kile kingine.

Wingi wa chakula sahanini nao una nguvu yake. Barbara Rolls wa Pennsylvania alionyesha mwaka 2002 kwamba watu waliopakuliwa makaroni mengi zaidi walikula asilimia 30 zaidi kuliko siku walipopakuliwa kidogo, na wengi hawakutambua kwamba sahani ilibadilika. Sheria ya mélange ya kupakua mara moja ina mantiki ya biashara, na kwa mpakia mizigo au dereva wa baiskeli ya mizigo anayekula mlo mmoja mkubwa kwa siku ni ukombozi. Kwa karani anayekaa kitini tangu asubuhi ni mtego. Mwenye mgahawa anayeruhusu sahani ndogo kwa bei ndogo hapotezi kitu, na kuna wateja wangemshukuru.

Utamaduni wa Rwanda ulikuwa na kinga yake dhidi ya kula kwa kuvutwa na macho. Mtu mzima mwenye heshima hali akitembea barabarani; chakula huliwa ndani, kwa kukaa. Anayeona kila kona ya Gisenyi ikianza kuuza vitafunwa ana sababu ya kuithamini desturi hiyo. Ila ina upande wa pili, na upande huo haujaangaliwa vya kutosha.

Wanawake wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kuuza mboga, viazi, maziwa na unga Goma huondoka nyumbani gizani. Kabla ya janga la korona, mpaka huo ulihesabiwa kuwa miongoni mwa mipaka yenye wapita kwa miguu wengi zaidi barani Afrika, makumi ya maelfu kwa siku. Mfanyabiashara wa namna hiyo anaweza kunywa chai tu alfajiri na asile tena hadi arudi jioni. Kula hadharani mbele ya wateja ni aibu, na kila faranga aliyoiacha bila kuitumia ni faida. Mlo wa kwanza wa kweli huja usiku, na huja na njaa ya saa 12. Mwili uliosubiri kiasi hicho hauchagui wala haupimi. Anayemwona akiongezeka uzito humshauri ajinyime zaidi, wakati kujinyima ndiko kulikomfikisha hapo.

Sehemu hii ya kujinyima ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 wenye afya waliokataa kupigana vita kwa sababu za dhamiri, wakajitolea kuonja njaa ili dunia ijue namna ya kuwahudumia watu wa Ulaya baada ya vita. Kwa wiki 24 walipewa viazi, kabichi, mkate na makaroni, kalori zipatazo 1,570 kwa siku, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Kilichowashangaza watafiti kilikuwa vichwani mwao. Vijana ambao hawakuwahi kujali mapishi walianza kusoma vitabu vya mapishi kitandani. Waliota chakula, walilamba sahani, waligeuza mlo wa dakika kumi kuwa ibada ya saa mbili. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula maelfu na maelfu ya kalori kwa siku na kusema bado wana njaa, na mafuta ya mwili yalirudi yakazidi pale yalipokuwa mwanzo. Hawa walikuwa watu wenye akili timamu waliochaguliwa kwa uimara wao. Njaa iliwafanya wawe kama wagonjwa wa ulaji.

Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walionyesha jambo hilo kwa kiwango kidogo. Waliwapa wanafunzi wa kike maziwa yaliyotiwa aiskrimu, kisha wakawaacha wale aiskrimu watakavyo kwa kisingizio cha kuionja. Wasiojinyima katika maisha yao ya kawaida walikula kidogo zaidi baada ya maziwa, kama mtu angetarajia. Waliokuwa wakijinyima walikula zaidi. Masharti yalikuwa yamekwisha vunjika, kwa hiyo siku hiyo hawakuona sababu ya kuendelea kuyashika.

Je, basi kila kujizuia ni kubaya? Hapana, na hapa inabidi kusema kwa uangalifu. Mwaka 1991 Joachim Westenhöfer wa Ujerumani alitenganisha namna mbili za kujizuia. Kuna kujizuia kwa ukali: vyakula vilivyopigwa marufuku, siku za kutokula, sheria ambazo zikivunjwa mara moja zimevunjika zote. Na kuna kujizuia kulegevu: kula kidogo zaidi leo kwa kuwa jana palikuwa na harusi, kuchukua viazi vichache na mboga nyingi, kutoyakataa mandazi bali kula moja. Wenye namna ya kwanza huangukia kwenye kula kupita kiasi mara nyingi zaidi. Wenye namna ya pili huwa na uzito mdogo na amani kubwa. Kosa la ushauri mwingi unaotolewa Afrika Mashariki, kuanzia kliniki hadi kwenye simu ambako chai za kupunguza tumbo zinauzwa, ni kusukuma watu wote kwenye namna ya kwanza.

Na msukumo haukwenda upande wa wembamba peke yake. John Hanning Speke alipofika Karagwe, katika Tanzania ya leo, mwishoni mwa 1861, alikuta wanawake wa nyumba ya mfalme Rumanika wakinyweshwa maziwa mpaka wasiweze kusimama wima bila msaada, na binti akilazimishwa kunywa huku baba ameshika fimbo. Uzuri ulidai shibe ivukwe kwa nguvu. Miaka ya 1980 iliongeza hofu mpya. Oktoba 1985 David Serwadda na wenzake walieleza katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa ambao watu wa kusini magharibi mwa Uganda waliuita Slim, yaani UKIMWI. Kwa kizazi kizima baada ya hapo, kukonda kulikuwa tangazo la kifo, na kuambiwa umenenepa kulikuwa baraka. Kumbukumbu hiyo bado ina nguvu. Mama anayemlazimisha mtoto wake kumaliza sahani ana sababu zake.

Nchini Kongo leo baadhi ya wanawake hununua bila cheti cha daktari dawa ya mzio iitwayo siproheptadini, ambayo huongeza hamu ya kula, na deksamethasoni, ambayo hujaza maji na mafuta mwilini, ili wapate umbo linalosifiwa. Matumizi hayo yamechunguzwa Kinshasa. Deksamethasoni ikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na shinikizo la damu, na kuiacha ghafla kunaweza kuwa hatari kwa maisha. Wakati huohuo, katika simu za binti zao kuna picha za miili myembamba na mazoezi ya kiuno. Msichana mmoja wa mji wa mpakani anaweza kusifiwa na shangazi kwa unene na kuchekwa na wenzake kwa unene huohuo siku moja.

Mgongano wa namna hiyo umewahi kupimwa kwingine. Televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga, Fiji, mwaka 1995. Anne Becker wa Harvard aliwahoji wasichana wa shule muda mfupi baadaye, na kundi jingine mwaka 1998. Mwanzoni hakuna aliyesema hujitapisha ili kudhibiti uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11. Katika visiwa ambavyo mwili mnene ulikuwa sifa, wasichana walianza kuona aibu.

Afrika imezoea kusema kwamba matatizo ya ulaji ni ya Wazungu. Kwa kujinyima mpaka kukauka, hoja hiyo ina ukweli kiasi: daktari wa akili Frank Njenga na mwenzake walipochunguza Kenya mwaka 2004, walipata visa vichache sana. Lakini mapitio ya tafiti za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kula kupindukia na kujitapisha kupo kwa wanawake wa bara hili kwa viwango vinavyokaribia vya Ulaya na Marekani, na kwamba wengi zaidi wana matatizo ya ulaji yasiyotimiza sifa zote za ugonjwa wenye jina. Mwaka 2007 utafiti wa wanawake wa Tanzania uliziona dalili hizohizo, zikihusiana na kutazama vyombo vya habari vya nje. Kula kupindukia bila kujimudu kuliingizwa rasmi kama ugonjwa kamili katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Mgonjwa wake wa kawaida si msichana aliyekonda. Mara nyingi ni mwanamke au mwanamume mnene, anayekula kwa siri, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza chochote zaidi ya kilo zake.

Hisia zina nafasi yake hapa. Msongo wa mawazo kwa kawaida huondoa hamu ya kula. Van Strien amelisisitiza hilo kwa miaka mingi. Wachache huwatokea kinyume, na kwa hao chakula kitamu huwa ndiyo faraja iliyo karibu kuliko zote. Rubavu ni wilaya iliyopokea maelfu ya watu kutoka Goma volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, na imeisikia milio ya vita vya jirani mara nyingi kuliko inavyostahili. Utafiti wa afya ya akili nchini Rwanda wa mwaka 2018 ulikuta msongo wa baada ya kiwewe kwa karibu asilimia 28 ya manusura wa mauaji ya kimbari. Kumpa mtu mwenye mzigo huo karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, bila kuuliza anakula wakati gani na kwa nini, ni kumwongezea kushindwa kwingine.

Watoto ndio wanaopaswa kupewa nafasi ya kwanza. Mwaka 1999 Jennifer Fisher na Leann Birch walionyesha kwamba watoto waliozuiwa kula biskuti fulani zilizokuwa mbele ya macho yao walizitamani na kuziongelea zaidi kuliko zile walizoruhusiwa. Kulazimisha kumaliza sahani nako humfundisha mtoto kuacha kulisikiliza tumbo lake. Rwanda ina vyombo ambavyo nchi nyingi hazina: wahudumu wa afya wa jamii katika kila kijiji, wanaopima mikono ya watoto, Igikoni cy'Umudugudu, jiko la kijiji ambako akina mama hujifunza kupika mlo kamili, na mpango wa chakula shuleni uliopanuliwa hadi shule za msingi na za awali mwaka 2021. Vyote vilijengwa kupambana na upungufu, na kazi hiyo haijaisha. Lakini palepale jikoni, mama anaweza pia kuelezwa kwamba mtoto wake mwenye afya akigeuza uso, ameshiba, na kwamba mtoto anayetaka zaidi kila mara hahitaji kuchapwa wala kuitwa mlafi bali mboga na maharage zaidi, soda kidogo, na muda mrefu mezani. Mtoto aliyedumaa au anayeugua ni suala jingine, na huyo aangaliwe na mhudumu wa afya.

Kwa watu wazima, ombi ni dogo na halina gharama. Kliniki inayopima shinikizo na sukari iongeze maswali manne kabla ya kutoa ushauri: Unakula mlo wa kwanza saa ngapi? Huwa unajua umeshiba, au unaacha chakula kinapoisha? Ukiwa na huzuni au hasira, chakula kinakuwaje kwako? Je, kuna nyakati unakula sana na kushindwa kuacha? Anayejibu kwamba hula mara moja usiku anahitaji mlo wa asubuhi na wa mchana, hata kama ni uji na viazi viwili vilivyofungwa kwenye jani, na mahali pa heshima pa kulia karibu na mpaka. Asiyesikia shibe anahitaji sahani ndogo na chakula cha kutafuna. Anayekula kwa huzuni anahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Na anayekula kwa siri mpaka aumie, kisha akajitapisha au kuapa kutokula tena, asinunue chai ya kukondesha wala asianze mfungo mwingine. Hali hiyo ina tiba iliyopimwa. Njia iliyoendelezwa na Christopher Fairburn wa Oxford huanza kwa kurudisha milo ya kawaida kila baada ya saa tatu au nne, kisha kushughulikia fikra za aibu zinazofuata, na wengi waliotibiwa hivyo huacha kula kupindukia hata kabla uzito haujabadilika. Hospitali za wilaya nchini Rwanda zina huduma ya afya ya akili, na njia ya kuifikia ni kupitia kituo cha afya kilicho karibu. Aende akaseme anavyokula, si uzito wake tu.